Timu yangu ikipata pigo dogo tu inasambaratika, nifanyeje?

Swali: Habari kaka, naomba ushauri wako. Naongoza kitengo cha huduma kwa wateja, tulikua tisa sa hivi tumebaki saba maana wawili waliacha kazi mwaka huu na nafasi zao hazijajazwa. Tukabadilishiwa sistimu ya kompyuta katikati ya kipindi cha kazi nyingi, alafu mteja wetu mkubwa kuliko wote akaondoka. Tangu hapo likitokea tatizo hata dogo timu inasambaratika, wengine wanaanza kuumwaumwa, wengine kimya, kuna mmoja yeye kazi yake ni kuwatupia wenzake lawama kwenye grupu mbele ya kila mtu. Nililetea timu mtu wa motivesheni, tukafanya na siku ya michezo, wakafurahi wiki mbili wakarudi palepale. Bosi ananiambia nijenge timu inayohimili misukosuko lakini hasemi inajengwaje. Naanzia wapi? Na huyu wa lawama nimfanyeje, nimtoe?

Jibu: Dada pole, mapigo matatu ndani ya mwaka mmoja sio mchezo. Nianze na hilo la semina maana naona ndio limekuvunja moyo. Watu wako hawana roho nyepesi na yule mtu wa motivesheni pengine aliongea vizuri tu, tatizo ni kwamba walitiwa moyo alafu wakarudishwa kwenye kazi ileile na mpangilio uleule, watu saba wanafanya kazi ya tisa, sasa hiyo furaha ingeishi wapi? Wiki mbili ni nyingi kwakweli. Mi kazi yangu ni kukaa na timu za kila aina, na timu zinazohimili nazozijua zina watu wa kawaida kabisa, wanaolia, wanaokasirika, wanaochoka. Ila kazi yao imepangwa kwa namna ambayo pigo likija haliangukii kichwani kwa mtu mmoja, na habari mbaya zinamfikia kiongozi mapema. Hayo mawili yote yako mikononi mwako kuliko unavyodhani, na yanajengwa siku za kawaida ambazo hamna tatizo lolote.

Tuanze na mzigo. Walipoondoka wale wawili, kuna kazi yoyote uliyoifuta? Viongozi wengi nikiwauliza hivo wananyamaza kidogo alafu wanasema "tuligawana". Piga hesabu basi, kazi ya watu tisa ikibebwa na saba kila mmoja ameongezewa zaidi ya robo ya alichokua anafanya, hapo bado hujaweka muda wa kujifunza sistimu mpya, na bado hujaweka muda wa kumpoza mteja aliyekasirika kwasababu ya hiyo sistimu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lile kuishiwa kabisa kwa ajili ya kazi halikuliita ugonjwa, lililieleza kama hali inayotokana na stresi ya muda mrefu kazini ambayo haikushughulikiwa. Dalili walizotaja ni tatu, mtu anaishiwa nguvu, anaanza kuiona kazi haina maana au kuichukia, na anajiona hata akifanya hafanyi vizuri. Soma tena ulichoniandikia kuhusu watu wako, wanaoumwaumwa, walionyamaza, anayewaka kwenye grupu, alafu niambie kama hujaviona hapo. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani ambaye amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 70, yeye na wenzake wanataja vyanzo sita: mzigo, kukosa usemi kwenye kazi yako mwenyewe, kutotambuliwa, mahusiano mabaya, kutotendewa haki, na kulazimishwa kufanya vitu usivyoamini. Katika hivo sita nitafutie kimoja kinachotibiwa na siku ya michezo. Hata hayo mahusiano, watu hawapatani kwa kuvuta kamba pamoja jumamosi wakati jumatatu wanagombania nani apokee simu.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, waombe wote waandike kwa wiki moja wanachofanya kweli, kile hasa mikono yao inafanya, achana na kilichoandikwa kwenye mikataba yao. Karatasi ya kawaida inatosha. Alafu kaeni chini mpitie, kila kazi mjiulize tukiacha hii kwa mwezi mzima nani atapiga kelele? Utashangaa. Kuna kitengo nilikaa nao walikua wanajaza taarifa ileile mara mbili, mara ya kwanza kwenye sistimu, mara ya pili kwenye jedwali la Excel, kila siku jioni, kisa meneja wa zamani ambaye alishaondoka alipenda kuliona hilo jedwali. Mrithi wake alikua hajui hata linahifadhiwa wapi. Mtu anabaki ofisini nusu saa zaidi kila siku kwa ajili ya kitu hakisomwi na binadamu yeyote! Nyie pia mtakuwa nacho cha namna hiyo, hamna ofisi isiyonacho. Kifute, na ukifute kwa kutangaza, useme wazi kuanzia leo hatufanyi hiki, maana kazi usipoitangaza kwamba imekufa kuna mtu mwaminifu ataendelea kuifanya kimyakimya.

Kwenye kikao hichohicho chora jedwali lingine, kazi upande wa kushoto, majina juu, na alama ya vema kwa kila anayeweza kufanya kazi hiyo bila kuuliza. Ukimaliza tafuta mistari yenye vema moja tu. Hapo ndipo timu yako inapovunjikia. We unasema ikitokea shida ndogo wanasambaratika, mi nakwambia pengine shida ndogo ni kwamba mtu mmoja hayupo na kitu anachokijua yeye tu kimekwama, mteja anapiga simu, hamna anayejua jibu, kila mtu anamuangalia mwenzake na lawama zinaanza. Kufundishana kupo kwa namna mbili, kuna ile ya mjuzi kuonyesha na mwenzake kutikisa kichwa, hiyo haifundishi. Inayofundisha ni mwanafunzi kukaa kwenye kiti, mkono wake ndio uko kwenye mausi, mjuzi amekaa pembeni na haruhusiwi kugusa kitu, anaongea tu. Mara ya kwanza inachosha, inachukua muda mara mbili au tatu ya kawaida, vumilia. Alafu mtihani wenyewe ni siku mjuzi anaenda likizo na hampigiwi simu hata moja. Mkimpigia bado hamjafundishana, rudini mezani.

Hapa kuna jambo watu hawalisemi. Huyo mjuzi anaweza kukataa kufundisha, hatakwambia nakataa, atakwambia hana muda, au atafundisha nusunusu. Sio roho mbaya, anaogopa akishatoa anachokijua atabaki na nini, hasa sasa ambapo watu wameona nafasi mbili hazijajazwa wakaanza kuhesabu nani anafuata. Muongeleshe pembeni, muonyeshe atakachopata, likizo isiyo na simu, nafasi ya kushika kazi kubwa zaidi, na jina lake litajwe wazi kwamba ndio aliyefundisha.

Na usipange wiki ikajaa pomoni. Ndoo iliyojaa mpaka mdomoni ukiitikisa kidogo tu inamwaga, sasa timu yenu kila saa ya kila siku imeshawekewa kazi alafu tunashangaa kwanini mteja mmoja mkali anavuruga siku nzima. Acha nafasi. Bosi wako akiuliza hizo saa za nini mwambie ndio hizo zinazohimili misukosuko anayoitaka, haiji bure.

Haya, tuje kwenye habari mbaya, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo viongozi wazuri wanapoharibu bila kujua. Miaka ya 90 mtafiti mmoja wa Harvard anaitwa Amy Edmondson alikua anafuatilia makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali, akitegemea kwamba wodi zenye timu nzuri zitakua na makosa machache. Namba zikaja kinyume, timu nzuri ndio zilikua na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba akaona hawakosei zaidi, ila wao wanayasema, kule kwengine ni funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka 1999 akachapisha utafiti wake kuhusu hali ya mtu kujisikia salama kusema mbele ya timu yake, kwamba nimekosea, sijui, nahitaji msaada, hili mnalofanya sio, bila kuogopa kudhalilishwa. Google nao walipoanza mwaka 2012 kuchunguza timu zao kama 180 wajue zinazofanya vizuri zina siri gani, hiyo hali ndio ikaibuka juu ya vitu vingine vyote, wakati wao mwanzoni walikua wanatafuta mchanganyiko wa vipaji.

Sasa chukulia mtu wako katuma bei za zamani kwa wateja mia mbili. Kagundua dakika tano baadae. Kwenye timu ya kwanza anakaa nalo, moyo unamdunda, anajipa moyo kwamba pengine hawatasoma, mchana simu zinaanza kuingia na mwenzake anayepokea hajui chochote anamjibu mteja "hapana bei sio hiyo", mteja anawaka, jioni mko kwenye kikao cha kutafuta mchawi. Kwenye timu ya pili anainuka anakuja mezani kwako anasema nimetuma bei za zamani, na ndani ya robo saa meseji ya kuomba radhi imeshatoka na wote saba wanajua cha kumjibu anayepiga. Kosa ni lilelile. Tofauti yote iko kwenye kile mtu wako anachokitegemea kutoka usoni kwako akishafika pale mezani, na anakijua kutokana na ulivyowapokea waliomtangulia.

Jiulize mara ya mwisho mtu alipokuja kukwambia ameharibu, sentensi yako ya kwanza ilikua ipi? Wengi wetu tunasema "kwanini hukuangalia?" au "si nilishasema?" Ni maneno ya kawaida, umeyatoa kwa mshtuko, lakini anayeyasikia ameshajifunza kwamba next time ni bora akae kimya, na walioko meza za jirani nao wamejifunza. Jizoeze sentensi nyingine mpaka itoke yenyewe hata ukiwa umekasirika. "Asante umeniambia. Nani ameguswa mpaka sasa? Unahitaji nini kutoka kwangu?" Swali la kwanini lina wakati wake, kesho yake, moto ukishazimika. Na we mwenyewe anza kusema yako mbele yao, "jana nilimuahidi mteja kitu kabla sijawauliza, nimewaweka pabaya". Kiongozi asiyekosea hata siku moja anawafundisha watu wake kuficha.

Ila tusielewane vibaya, sikwambii ulee watu. Viwango vinabaki palepale na aliyefanya makusudi, au anayerudia kosa lilelile ambalo mlishalizungumza na akakubali, huyo ni mazungumzo mengine. Aliyekosea akasema mapema msaidie, aliyekosea akaficha ongea nae kuhusu kuficha. Wakiona hiyo tofauti unaisimamia kwa haki, bila kuangalia nani rafiki yako, habari zitaanza kuja zenyewe.

Kwa ile kesho yake sasa, tumieni mtindo ambao jeshi la Marekani walianza kuutumia miaka ya 70 kwenye mazoezi yao na baadae ukaenea mpaka zimamoto na mahospitalini. Ni maswali manne tu: tulipanga nini kitokee, nini kilitokea kweli, kwanini vimetofautiana, na wakati mwingine tutafanya nini. Unaonekana mwepesi hata unaweza kuudharau. Ugumu wake uko kwenye kuufanya sawasawa, maana pale wenye vyeo hawatakiwi kuutumia kama mahakama, na we kiongozi unaongea mwisho, ukitangulia kusema unavyoona umeshafunga mjadala. Dakika ishirini. Tokeni na badiliko moja tu lenye jina la mtu na tarehe, mkitoka na orodha ya mambo kumi na mbili hamtafanya hata moja. Na jambo ambalo karibu kila timu inalisahau, fanyeni hivohivo mambo yakienda vizuri! Siku mmeokoa mteja aliyekua anaondoka kaeni muulizane ilikuaje tukafanikiwa, kwasababu kikao kikiitishwa siku za msiba peke yake watu watakiogopa kikao chenyewe.

Kuna na cha kufanya kabla ya tatizo halijaja. Gary Klein, mwanasaikolojia anayechunguza jinsi watu wanavyofanya maamuzi kwenye presha, mwaka 2007 aliandika kuhusu zoezi moja ambalo mi nalipenda kuliko mengine yote, kabla hamjaanza jambo kubwa unawaambia watu "chukulieni miezi sita imepita na jambo hili limekufa kabisa, kila mtu aandike limekufa kwa sababu gani". Waandike kwanza, kimya, kila mtu na karatasi yake, alafu ndio msome moja moja kwa zamu. Ukiuliza kwa kawaida "kuna anayeona tatizo?" watu wanatikisa vichwa maana hamna anayetaka kuonekana mkosoaji mbele ya bosi. Ukiwaambia limeshakufa, kueleza kifo chake kunakua ni akili. Wale wakimya wako utawasikia hapa kwa mara ya kwanza. Mngelifanya wiki moja kabla ya ile sistimu mpya naamini kuna mtu angeandika "tumebadilishiwa kipindi cha kazi nyingi", na angalau mngekua mmejipanga.

Kwanini nasisitiza kabla? Tarehe 5 Agosti 1949 kule Montana, Marekani, kikosi cha wazima moto walioruka kwa parachuti walijikuta moto wa nyikani umegeuka unawafuata kwenye mteremko wa nyasi ndefu. Msimamizi wao Wagner Dodge akafanya kitu ambacho hamna aliyewahi kufundishwa pale, akawasha moto mwingine mbele yake, nyasi zikaungua, akawaita waingie walale kwenye majivu ili moto mkubwa uwapite. Alikua sahihi, yeye alipona hivohivo. Hamna aliyemfuata, walimpita wakikimbia na 13 wakafa. Karl Weick, msomi wa mambo ya taasisi, aliandika mwaka 1993 akichambua ile siku na mojawapo ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba watu wale hawakua wamezoeana vya kutosha na msimamizi wao, hivo alipofanya kitu cha ajabu walimuona kama amechanganyikiwa. Wazo zuri kutoka kwa mtu ambaye timu haijamzoea halina kazi dakika ya mwisho. Unavyofundishana nao, unavyopokea makosa yao, unavyokaa nao kwenye vikao vya dakika ishirini, ndio unajenga ile siku watakapokufuata bila maelezo marefu.

Na siku yenyewe ikifika? Kwa bahati tu ni tarehe ileile, 5 Agosti, ila mwaka 2010, mgodi wa San José nchini Chile ulipoporomoka na kufungia wanaume 33 karibu mita 700 chini ya ardhi. Siku 17 za mwanzo juu walikua hawajui kama wako hai. Chakula cha dharura kilikua cha siku mbili tatu. Msimamizi wa zamu Luis Urzúa na wenzake wakakigawa, vijiko viwili vya samaki wa kopo kwa kila mtu, maziwa kidogo, biskuti, kila baada ya saa 48. Watu wakapangwa makundi na zamu, maamuzi makubwa yakapigiwa kura, Urzúa akachora ramani ya walipo, Mario Sepúlveda ambaye hakua bosi wao akawa ndio mchangamshaji anayewashikilia roho. Walikaa siku 69 na wote 33 wakatoka hai, Urzúa wa mwisho kati yao. Walikorofishana sana humo ndani, tusijidanganye, kwahiyo kukorofishana sio dalili kwamba timu imekufa. Mi navyoiona kilichowashikilia ni kwamba kila mtu alikua na kazi, kila mtu aliona mgao ni sawa kwa wote, na kulikua na ratiba.

Ukirudisha hayo ofisini kwako, siku mmepigwa usijifungie chumbani na bosi wako masaa mengi huku watu wanasoma uso wako kupitia kioo. Kutaneni kila siku saa ileile dakika kumi, mmesimama, waambie tunachojua ni hiki, tusichojua ni hiki, tutaonana tena saa fulani. Hata kama hamna jipya kutaneni useme hamna jipya. Gawa kazi zionekane, hata ndogo, mtu mwenye kitu cha kufanya hana muda wa kutengeneza uvumi. Na tafadhali usiwaambie "kila kitu kitakua sawa" kama hujui, hasa kuhusu ajira zao. Ukiahidi kwamba hamna atakayepunguzwa alafu akapunguzwa mmoja, hutaaminiwa tena hata ukisema mvua inanyesha. Sema "sina taarifa ya kupunguza watu, nikiipata na nikaruhusiwa kusema nyie ndio wa kwanza".

Kuhusu bosi, kabla hujaenda kuomba watu wawili nenda na ile orodha ya kazi. Mwambie kwa watu saba tunaweza haya, haya tumeyasimamisha, haya yatachelewa. Atasema yote ni muhimu, wote wanasema hivo. Muombe basi ayapange kwa mpangilio, la kwanza mpaka la mwisho, kisha mwandikie imeil ya kuthibitisha mlivyokubaliana. Sio kwa ubaya, ila siku la mwisho kwenye orodha limechelewa asije akawaangukia watu wako. Kuzuia mabomu yanayotoka juu ni sehemu ya kazi yako, na watu wakishaona umesimama mbele yao mara moja wanakubeba muda mrefu.

Na we mwenyewe unalala? Nauliza kwasababu timu inaiga. Ukituma meseji saa tano usiku hata ukiandika "sio ya haraka", mtu wako ameshaisoma na ameshaamka kichwani. Iandike ukitaka, ipange itoke asubuhi. Chukua likizo yako, na kwenye ile jedwali ya vema jina lako nalo liwepo, kama kuna kitu unakijua we tu basi na wewe ni tatizo.

Wale wanaoumwaumwa na walionyamaza usiwaulizie kwenye kikao. Tenga robo saa na kila mmoja, kila wiki mbili hivi, isiwe ya kuulizia ripoti. Uliza kitu kimoja kinachokuchosha zaidi wiki hii ni kipi, alafu nyamaza kabisa usijaze ukimya, sekunde kumi za kimya ndio zinazotoa jibu la kweli. Utakachoweza kuondoa ondoa, na umwambie umekiondoa. Ukikuta ni jambo la nyumbani au la afya usigeuke daktari wa akili, msikilize, mpe unafuu wa ratiba unaoweza na umuelekeze kwa wanaohusika. Usitegemee mabadiliko mwezi wa kwanza. Dalili ya kwanza inaweza hata kukutisha, utaanza kusikia matatizo mengi zaidi kuliko mwanzo. Kumbuka zile wodi za hospitali, usirudi nyuma hapo.

Sasa huyu wa lawama. Usimtoe kwanza, na usimjibu kwenye grupu pia. Muite peke yake na meseji zake mbili tatu mkononi, msome nae bila kuongezea chumvi, muulize "ulitaka nini kitokee ulipoandika hii?" Mara nyingi huyu ndio anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote na ndio pekee anayesema ukweli, anausema vibaya tu. Angalia kwenye zile karatasi za wiki moja na lile jedwali la vema, kama jina lake lina vema kila mstari una jibu lako, mpunguzie. Bila kujali sababu muwekee mpaka ulio wazi: grupu ni la taarifa za kazi, ukiwa na neno na mwenzako unamfuata yeye, asipokusikia unanifuata mimi. Sheria hiyo itangaze kwa wote siku hiyohiyo ili isionekane ni yake peke yake, na akija kwako na lawama ya ukweli ishughulikie haraka, la sivyo atarudi kwenye grupu na atakua na haki. Andika tarehe ya mazungumzo yenu na mlichokubaliana, mpe kama mwezi. Akiendelea kuwadhalilisha wenzake baada ya hapo fuata taratibu za ofisi yenu mpaka mwisho hata kama ndio mfanyakazi wako bora, na usije ukamtengea kazi ya pembeni ya peke yake ili asisumbue, maana wale sita wengine wataona kabisa kwamba ukipiga kelele hapa ndio unapewa utulivu.